Hiki Kina Mwenyewe

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kutazama watu midomoni. Sitanii. Niliosoma nao uuguzi wengine walikwenda kuzalisha, wengine wakafunga vidonda, mimi nikapangiwa wodi ya wagonjwa wa akili katika hospitali moja ya Mwanza, na huko nikajifunza kuchungulia chini ya ndimi za watu wazima. Foleni asubuhi, foleni jioni. Mgonjwa anakuja na kikombe chake cha plastiki, unamwekea vidonge kiganjani, unamwambia meza. Anameza. Fungua mdomo. Anafungua. Nyanyua ulimi. Ananyanyua. Haya, pita, mwingine. Mzee wa watu mwenye mvi, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, anasimama mbele ya binti wa umri wa mwanawe ametoa ulimi nje. Mimi sikuipenda kazi hiyo hata siku moja, na nilisema hivyo kwa kila aliyeniuliza na kwa wengi wasioniuliza.

Mimi ni mtu wa Ukerewe, na kwetu walinitania kwamba nilizaliwa nikigomba. Hasira zangu ziko karibu, hazihitaji kutumiwa barua. Lakini nikigomba huwa nina sababu, na katika jambo hili ninalotaka kulisimulia nilikuwa na sababu kubwa kuliko zote.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Ghafla kila kitu kilikuwa kinauzwa na kila mtu anauza. Maduka ya dawa, ambayo zamani ungeyatafuta kwa tochi, yalichipuka hadi Igoma, baina ya fundi baiskeli na muuza mitumba. Viwanda vya samaki vilikata minofu ya sangara ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, yaani mgongo na kichwa, tukayakaanga na kuyala kwa ugali bila kulalamika sana. Na hospitalini tukaambiwa mgonjwa sasa achangie, na dawa akikosa kwetu akanunue nje. Sawa. Lakini mtu huyohuyo tuliyemwambia akanunue dawa zake mwenyewe, akiwa wodini hatukumwamini kushika kidonge kimoja. Hilo lilinikera mpaka nikawa naliongea nikiwa peke yangu jikoni kwangu.

Hapo ndipo anapoingia yule mama.

Alikuwa mama ntilie katika stendi ya Buzuruga. Alikuwa na meza yake, benchi mbili, sufuria zake nyeusi, na binti mmoja aliyekuwa shule ya msingi. Mume alishakufa. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye sauti ya kuita wasafiri, na akicheka unasikia hadi chumba cha sindano. Ugonjwa wake ulikuwa wa kupanda, akili inapanda juu bila breki. Ukimshika, usingizi unamtoka kabisa, anawasha moto kabla hata basi la kwanza halijafikiria kuja, anapika sufuria juu ya sufuria, kisha anagawa. Anagawa bure. Makondakta, wapiga debe, vichaa wenzake, mbwa. Mara ya mwisho aligawa mpaka sufuria zenyewe, na majirani wa stendi walipomleta kwetu alikuwa anagawa vitenge vyake vya mwilini. Samahani kwa kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Dawa zilimtuliza vizuri sana. Shida ilikuwa akirudi nyumbani. Sisi tulikuwa na kanuni kwamba mgonjwa hatoki mpaka apatikane ndugu wa kukabidhiwa dawa, na ndugu huyo ndiye atakayempa. Mara ya kwanza tulimkabidhi jirani yake, jirani akahama. Mara ya pili tulimkabidhi wifi yake, wifi akaenda msibani Geita na mkoba wenye dawa, akakaa huko hadi arobaini. Kila mara mama wa watu anarudishwa kwetu amefungwa kamba, na sisi tunaandika kwamba mgonjwa hakumeza dawa. Hakumeza! Angemeza nini, mkoba?

Safari hii alipopona, kaka yake alivuka kwa kivuko cha Kamanga kuja kumwona. Alikuwa mkulima wa pamba upande wa Sengerema, mzee wa makamo, koti limekaa vizuri begani. Hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Alikaa kwenye benchi la wodi, kofia magotini, akaniambia taratibu.

"Sista, mimi huyu mdogo wangu nimemlea tangu baba alipofariki. Nimechoka kuitwa nikamfungue kamba. Nikishauza pamba nakuja kumchukua, yeye na mtoto. Watakaa kwangu. Mke wangu atatunza dawa. Ile meza ya stendi waichukue wanaoitaka."

"Na yeye anasemaje?" nikamuuliza.

"Yeye ni mgonjwa, sista."

Alipoondoka nikamkuta mama ntilie amekaa kitandani, hacheki. Alinishika mkono kwa nguvu. Akaniambia, "Sista, wakinivusha Kamanga sirudi tena. Meza ya stendi haikai bila mtu. Mwenzangu ananishikia sasa hivi, lakini ataishika mpaka lini? Nitakuwa mtu wa kupewa uji na dawa na wifi yangu mpaka nife. Na mwanangu atanitazama hivyohivyo." Kisha akalia, na mimi nikalia naye, maana sijaumbwa kwa jiwe.

Nikaenda moja kwa moja kwa daktari wetu. Alikuwa kijana, ndiyo kwanza ametoka masomoni, bado anasikiliza watu. Nikamwambia huyu mama asikabidhiwe kwa mtu, akabidhiwe kwake yeye mwenyewe. Tumpe dawa zake ashike hapahapa wodini, azimeze mwenyewe kwa wakati wake, tumwone. Kaka yake akija, akute dada anayejitunza. Tangu lini mtu akafundishwa kuogelea nchi kavu?

Daktari akaitisha kikao katika chumba chetu cha chai, na humo nilisikia mambo.

Sista Mkuu wa wodi alikuwa mama wa makamo, amefanya kazi hiyo tangu mimi navaa sare ya shule, na wodi ile aliiendesha kama nyumba yake. Alikoroga chai yake muda mrefu ndipo akasema, "Mgonjwa akiwa wodini ni mgonjwa. Akili ikimwambia kwamba amepona, kitu cha kwanza atakachoacha ni dawa. Nimewaona wangapi? Wewe binti una moyo mzuri, lakini moyo mzuri haulindi wodi."

Bwana Dawa, mtoa dawa wetu, yeye hakuwa na wasiwasi wa mgonjwa, alikuwa na wasiwasi wa vidonge. Dawa zilikuja kwa shida, zikaja pungufu, na aliziona kama watoto wake. "Zitaishia Igoma madukani," alisema. "Mtazikuta zinauzwa pamoja na pipi."

Aliyenigusa ni mhudumu wetu wa kiume, mtu mkubwa mwenye mikono kama makasia, ambaye kwa kawaida hazungumzi kwenye vikao. Alisema zamani mgonjwa mmoja alikuwa akificha vidonge ndani ya pindo la blanketi, akavikusanya, akavimeza vyote pamoja. "Mimi ndiye niliyembeba," akasema. "Sitaki kubeba mwingine."

Nilimheshimu kwa kusema vile, lakini sikunyamaza. Nikamwambia, "Kaka yangu, pole. Lakini yule alikuwa akifunguliwa mdomo kila siku, asubuhi na jioni. Foleni ilikuwepo, sisi tulikuwepo, na bado alificha. Huyu mama hajawahi kutaka kufa. Anataka kurudi kwenye meza yake. Na kule Buzuruga nani atamwambia anyanyue ulimi? Kondakta?"

Hapo daktari alicheka, na daktari akicheka ujue umepita. Akaamua: mama apewe dawa zake, kila Jumatatu Bwana Dawa akague, mpaka kaka yake arudi. Zikienda vizuri, anarudi Buzuruga na binti yake. Zikienda vibaya, anavuka na kaka.

Sista Mkuu akanitazama juu ya kikombe. "Haya, mama wa mageuzi," akasema. "Tutaona."

Nilikwenda Igoma kwa fundi mmoja anayetengeneza vibatari na masanduku ya mabati, nikamwagiza kisanduku kidogo chenye kufuli. Alikitengeneza kwa bati la kopo la mafuta ya kupikia, na ubavuni bado palionekana nusu ya picha ya alizeti. Mama ntilie alikipokea kwa mikono miwili. Ufunguo akautia uzi, akauvaa shingoni ndani ya blauzi, na siku ile alitembea wodini kama mtu aliyepewa nyumba.

Zikaenda vizuri. Sikuwa na shaka na sikushangaa. Asubuhi uji ukija, anafungua kisanduku, anatoa vyake, anameza kwa uji, anafunga. Jioni vilevile. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemkumbusha. Wenzake waliokuwa kwenye foleni walimtazama kwa wivu, ndimi nje. Mwalimu mkuu wetu mwenye mvi akaniuliza kwa upole kama na yeye anaweza kuagiziwa kisanduku, ila chake kisiwe na ua. Mimi nikaanza kutembea mbele ya Sista Mkuu shingo juu kidogo. Ndiyo, nilifanya hivyo. Mtu ukiwa na haki huna haja ya kuinama.

Halafu ikaja Jumatatu moja, Bwana Dawa akafungua kisanduku. Akamimina vidonge kwenye sahani yake ya kuhesabia, akavihesabu kwa ncha ya kisu, akavirudia. Vilikuwa vimepungua, tena si kidogo.

Loo! Wodi iliwaka. Mhudumu wetu alikuwa ameshainua godoro kabla hatujamaliza kuambiana, anakung'uta mto, anapapasa mapindo ya blanketi, jasho linamtoka. Hakuna kitu. Sista Mkuu akamsimamisha mama ntilie katikati ya wodi.

"Vidonge vimekwenda wapi?"

"Vimekwisha, sista."

"Umevimeza vyote?"

"Vyangu nimemeza."

"Na hivyo vingine?"

Akatazama sakafu. Hakuwa na uso wa mwizi wala wa mtu anayetaka kufa. Alikuwa na uso wa mtu anayeulizwa jambo asilolielewa. Daktari akampima mapigo, akamulika macho yake. Mzima kabisa. Sista Mkuu alinigeuzia macho, na afadhali angenitukana.

Nikatoka nje nipate hewa. Nyuma ya wodi kulikuwa na kamba za nguo, na chini ya mashuka, juu ya mkeka, alikuwa amelala bibi mmoja kutoka Magu. Bibi huyu alikuwa anamuuguza binti yake, kitanda cha pili kutoka kwa mama ntilie, na tangu aje alikuwa hana wimbo mwingine ila kwamba hapati usingizi, macho makavu, kichwa kinagonga. Sasa alikuwa anakoroma mchana kweupe. Nilimwita, hakusikia. Nikainama nikamtikisa bega. "Bibi! Shikamoo! Bibi!"

Akafungua jicho moja. "Marahaba. Niache, mjukuu wangu. Dawa ya yule mama ni nzuri."

Nilipiga kelele ambayo sijui kama nilimwita daktari au nilimwita Mungu. Wakaja wote. Bibi akapimwa presha, akakalishwa, akanyweshwa chai, akazungushwazungushwa uani na mhudumu kwa mkono mpaka akaanza kumtukana kwa Kisukuma, na tulipoyasikia matusi tukajua yuko salama. Lakini zile zilikuwa dawa kali, si za mtu mzee mwenye presha, na kama angeendelea kuzila tungezungumza habari nyingine leo.

Daktari akamgeukia mama ntilie. "Kwa nini umempa?"

"Nilimkaribisha, daktari."

"Ulimkaribisha dawa?"

"Daktari, mtu yuko mbele yako anakutazama. Wewe umeshika kitu unatia mdomoni. Utanyamaza?" Akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani kwenu mnanyamaza?"

Katika kikao chote kile kwenye chumba cha chai tulikuwa tumewaza atazitupa, ataziuza, atazificha, atazimeza zote. Watu wazima, wote tumelelewa Kanda ya Ziwa au tumeishi huku vya kutosha, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba mtu akipewa cha kutia mdomoni mbele za watu atasema karibu.

Sista Mkuu ndiye aliyewahi kusema. "Mmeona? Anagawa. Ndivyo ugonjwa wake unavyoanza, anagawa. Leo vidonge, kesho nguo. Kisanduku kirudi dirishani kwa Bwana Dawa, na yeye arudi kwenye foleni."

Hapo nilichemka. "Sista Mkuu, kwa heshima zote! Kama kusema karibu ni ugonjwa, basi tulaze Mwanza nzima! Wewe mwenyewe asubuhi umenikaribisha chai, nikuandikie sindano? Huyu mama analala usiku, anaongea taratibu, nguo zake zote ziko mwilini. Haumwi. Amefunzwa na mama yake vizuri, basi!"

Mhudumu alicheka bila kutaka. Daktari alikuna kichwa, akatazama kisanduku, akatazama bibi. Mwishowe akasema kisanduku kibaki, kwa sababu kaka anakuja mwisho wa wiki, pamba yake imeshapata mnunuzi. Lakini kidonge kimoja kikitoka kwenda kwa mtu mwingine, basi, hakuna mjadala, mama anavuka. Na mimi nisimame nimfundishe.

Nikamchukua tukakaa kwenye benchi la nje, ziwa linaonekana chini kati ya mawe, yeye ana ungo wa mchele wa jikoni anauchambua, maana hakujua kukaa mikono mitupu. Nilimgombeza? Nilimgombeza sana. Nikamweleza kilichoweza kumpata bibi wa watu. Alielewa mara moja, akashika mdomo, akaenda kumpigia bibi magoti akaomba radhi, akarudi. Tatizo halikuwa kuelewa.

"Nitasemaje, sista? Mtu akiniomba, uso wangu nitaupeleka wapi? Mimi maisha yangu yote ni kusema karibu. Ndiyo kazi yangu."

"Haya, tujaribu. Mimi ni mgonjwa mwenzako. Mwenzangu, nipe kimoja, sijalala."

Mkono wake ukaenda shingoni kwenye ufunguo kabla hajawaza. Tukacheka wote. Tukajaribu tena. Nikawa jirani, nikawa shangazi, nikawa mchungaji wa kanisa lake. Kila mara anaishia kunipa au anaishia kutazama mchele. Nilianza kuogopa, na mimi siogopi upesi. Siku zilikuwa zinakwenda na nilimwona kabisa ndani ya kivuko, mzigo miguuni.

Ndipo nikamuuliza, kwa kuchoka tu, "Hivi kule stendi kweli hakuna kitu unachomnyima mteja?"

"Kipo," akajibu palepale. "Sahani ya mwanangu."

Akanieleza. Kila siku kabla hajauza sahani ya kwanza, anapakua ya binti yake, anaifunika kwa sahani nyingine, anaiweka chini ya meza mpaka mtoto atoke shule. Dereva wa basi la Musoma aje na njaa na noti mkononi, sufuria zimekwisha, anaiona ile sahani, anaitaka. Hapewi.

"Unamwambiaje?"

"Namwambia hiki kina mwenyewe."

"Hakasiriki?"

"Akasirike kwa nini?" Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Kina mwenyewe."

Nikachukua kile kisanduku chenye nusu ya alizeti kilichokuwa pembeni yake, nikakiweka juu ya mchele, katikati ya ungo. Sikusema kitu. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa.

Alikitazama muda mrefu. Kisha akakitoa, akakipangusa chenga za mchele kwa ncha ya kitenge, akakiweka pajani mwake. "Sista," akasema polepole, "kumbe na hiki."

Kaka alikuja Ijumaa. Tulikutana chumba cha daktari, sote: daktari, Sista Mkuu, Bwana Dawa na sahani yake, mhudumu amesimama mlangoni, mimi. Kaka alikuwa amekonda. Ile ilikuwa miaka ambayo wanunuzi binafsi wa pamba walikuja kijijini kila mmoja na mzani wake, na alikuwa amelala juu ya magunia yake mwenyewe akiyalinda huku akibishana na matapeli mchana kutwa. Mama ntilie aliingia, akapiga magoti mbele yake kama ilivyo desturi yao, akamwamkia, "Shikamoo kaka," naye akaitikia kwa upole na kumshika kichwa.

Daktari akaeleza habari yote, hata ya bibi wa Magu hakuificha. Bwana Dawa akakagua, akatikisa kichwa kwamba ziko sawasawa. Kaka alisikiliza. Haikumwingia, nilimwona. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayesubiri wageni wamalize ili achukue mzigo wake aondoke.

Akakitazama kile kisanduku kilichokuwa wazi. "Hizi ndizo za kulaza?" akauliza. Akafikicha macho, macho yenyewe mekundu. "Nipe kimoja basi, mdogo wangu, nimeze kwenye kivuko. Tangu mizani ianze sijui usingizi." Akanyoosha mkono.

Hakuwa anamtega. Ningejua. Aliomba kama kaka anavyomwomba dada maji ya kunywa. Na mkono wenyewe ulikuwa ule uliomlisha baada ya baba yao kufa. Nilimjua yule mama, na nilijua hajawahi kumnyima kaka yake kitu chochote tangu azaliwe.

Nikafungua mdomo. Kiatu cha Sista Mkuu kikashuka juu ya mguu wangu, kizito, kikabaki hapohapo. Nikamtazama. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama mama ntilie, na nakuapia, mkuu wangu yule alikuwa anamwombea.

Mama ntilie alikuwa bado amepiga magoti. Akautazama ule mkono. Mkono wake ukasogea hadi kwenye kisanduku, na mhudumu pale mlangoni akavuta pumzi.

"Kaka," akasema, na sauti yake haikuwa ya stendi, ilikuwa ndogo. "Nisamehe kaka. Hiki kina mwenyewe."

Kaka hakuelewa. "Mwenyewe nani? Si wewe?"

"Mwanangu."

Akashusha kifuniko, akafunga kufuli, ufunguo ukarudi kifuani.

Mkono wa kaka ulibaki hewani kidogo. Kisha akaurudisha, akaufuta kwenye koti kana kwamba ulikuwa na vumbi. Alimtazama dada yake, na nadhani ndiyo mara ya kwanza baada ya miaka kumtazama bila kutafuta ugonjwa. Midomo ikamchezacheza, sikujua ni kilio au kicheko, na nadhani hata yeye hakujua.

"Kaninyima," akatuambia sisi sote. "Mnaona? Kaninyima mimi!" Akasimama, akavaa kofia yake. "Haya. Basi nitavuka peke yangu."

Sista Mkuu akaondoa kiatu chake mguuni kwangu. "Daktari, mwandikie aende Buzuruga," akasema, "na huyu baba apewe chai kabla hajaondoka, halafu aambiwe akalale." Baadaye, wageni wa wizara walipokuja kuuliza habari ya visanduku, nilimsikia kwa masikio yangu akiwaeleza kwamba aliona tangu mwanzo kwamba jambo lile litafaa. Nilimwacha. Mguu wangu ulikuwa bado una alama.

Foleni haikufa siku ile. Wapo waliopewa visanduku wakashindwa, tukawarudisha dirishani, na mhudumu wetu hakuacha kupapasa mapindo ya blanketi mpaka alipostaafu, na sikumcheka. Lakini mwalimu mkuu alipata chake kisicho na ua, na fundi wa Igoma akanizoea. Na kila tuliyempa, kabla hatujamfundisha saa za kumeza, tulimfundisha kwanza namna ya kumnyima mtu bila kumkosea adabu.

Miezi ilipita. Siku moja nilikuwa Buzuruga kwa shughuli zangu, jua limeshapinduka, sijala tangu asubuhi, nikasema leo nitakula kwa mama ntilie mpaka nishindwe kunyanyuka. Nilimsikia kabla sijamwona, anacheka. Alinikumbatia mbele ya stendi nzima, akanifutia benchi, akanitangaza kwa wapiga debe kwamba huyu ndiye sista wake na asiguswe. Halafu akafunua sufuria, akashika kiuno. Zote zilikuwa zimekwisha. Wali umekwisha, maharage yamekwisha, hata ukoko dereva mmoja ameuomba akaondoka nao.

Chini ya meza nikaiona sahani imefunikwa kwa sahani, na juu yake, kama jiwe la kuzuia upepo, kisanduku changu cha bati chenye nusu ya alizeti. Aliona ninapotazama. Nilikuwa na njaa, jamani, njaa ya kuuma, na yule mwanamke nilimpigania mpaka nikakanyagwa.

"Pole sista," akaniambia, wala hakupepesa macho. "Hiki kina mwenyewe."

Nikanywa maji yake, nikaaga. Nilirudi mjini na njaa yangu, na njia nzima nilikuwa ninaimba.